Niliuliza shahidi swali moja, kesi ya mauaji ikasikilizwa upya: mzee wa baraza alikuwa na kazi gani mahakamani?

Mstaafu wa Chaki aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Tanzania, na mwaka 2013 niliitwa kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayeketi na jaji na kumpa maoni yake, katika kikao cha Mahakama Kuu kilichoketi katika mji wa wilaya yetu kusikiliza kesi za mauaji. Jambo hili limenikaa moyoni kwa miaka mingi, nami naomba wenye kuijua sheria, na waliowahi kukaa kwenye kiti kama changu, wanisaidie kulielewa.

Tulikuwa watatu: mimi, mama mmoja mwuza dagaa anayeheshimika sana sokoni, na mzee aliyewahi kuwa katibu wa chama cha ushirika cha pamba. Kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, jaji alimwuliza mshtakiwa kama ana pingamizi na yeyote kati yetu. Kijana yule akatutazama mmoja baada ya mwingine kutoka kizimbani, bila haraka, kisha akasema hana pingamizi na mtu.

Kesi yenyewe ilisimama juu ya shahidi mmoja wa kuona, mjane wa marehemu. Alieleza kwamba wauaji walivunja mlango usiku, yeye akajitupa chini ya kitanda, na kwamba alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa koroboi. Siku ya pili yalizuka mabishano kuhusu maelezo ambayo mshtakiwa alidaiwa kuyatoa polisi, nasi wazee tukaombwa kutoka nje. Tulikaa chini ya mwarobaini karibu kutwa nzima, tukinunua karanga na kukisia yanayoendelea ndani. Tuliporudishwa hakuna aliyetuambia kilichozungumzwa.

Wakati mjane anatoa ushahidi wake, mawakili walipomaliza, jaji alitugeukia akauliza kama tuna swali. Nikauliza koroboi ilikuwa wapi. Akajibu kuwa ilikuwa juu ya sanduku, karibu na mlango. Nikamwuliza yeye alikuwa wapi, akasema chini ya kitanda. Ndipo nikauliza: "Sasa usoni ulimwonaje?" Mama yule alinyamaza kwa muda, akafuta uso kwa upande wa khanga, halafu akasema alimfahamu tangu utotoni. Jaji aliandika, tukaendelea.

Mwishoni jaji alitufanyia majumuisho ya ushahidi, kisha kila mmoja wetu akasimama na kutoa maoni yake kwa sauti, mbele ya ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa waliojaa kwenye mabenchi. Wote watatu tulisema hana hatia. Baadaye jaji alisoma hukumu, akaeleza kwa nini hakubaliani nasi, akamtia hatiani na kumhukumu kunyongwa hadi kufa.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba ndiyo sheria. Lakini miaka kadhaa baadaye, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni karani aliniambia kwamba Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wote wa shauri lile na kuagiza lisikilizwe upya, kwa sababu wazee wa baraza walimhoji shahidi kana kwamba wao ni mawakili wa upande wa pili. Kwa maneno mengine, maoni yangu hayakuwa na nguvu ya kumtoa kijana yule kizimbani, ila swali langu lilikuwa na nguvu ya kuifuta kesi nzima huku yeye akibaki gerezani. Je, nilimsaidia au nilimwumiza? Na sasa ninaposikia kwamba sheria ilibadilishwa ili jaji aweze kuketi bila wazee, je, haki imeongezeka au imepungua? Wenzetu wenye juri, ambako raia ndio wanaoamua, wanaonaje?

---

Wakili wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Nimewahi kusimama mbele ya Mahakama ya Rufani nikitumia hoja ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo naomba nikujibu kwa upana kidogo, na tangu mwanzo niseme kwamba kosa halikuwa lako.

Wakati ule, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 265, iliilazimisha Mahakama Kuu kusikiliza mashauri ya jinai ikisaidiwa na wazee wawili au zaidi. Kifungu cha 298 kilimtaka kila mzee atoe maoni yake kwa mdomo, kisha kikasema bila kificho kwamba jaji hafungwi na maoni hayo. Sheria ya Ushahidi nayo, katika kifungu cha 177, iliwaruhusu wazee kumwuliza shahidi maswali, ama kupitia kwa jaji ama kwa idhini yake. Tatizo lilikuwa katika aina ya maswali. Maswali ya dodoso, yaani yale yanayolenga kuutikisa ushahidi, ni ya upande unaopingana na shahidi. Mzee wa baraza ni sehemu ya mahakama, hana upande, na kwa hiyo anatakiwa aulize ili kupata ufafanuzi tu. Akionekana anadodosa, mahakama yenyewe inaonekana imekwisha kuchukua upande, na hapo haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu iliyo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inakuwa imeguswa. Mahakama ya Rufani ilirudia msimamo huo katika rufaa nyingi sana, na mashauri mengi ya mauaji yalirudishwa kuanza upya, ama kwa sababu ya maswali ya wazee, ama kwa sababu majumuisho ya jaji yaliacha hoja muhimu za kisheria, ama kwa sababu wazee hawakuelezwa wajibu wao tangu mwanzo.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Kuwaeleza wazee mipaka yao ilikuwa kazi ya jaji, na kumzuia mzee anayevuka mpaka ilikuwa kazi ya jaji vilevile. Mtu hupewa kiti, haambiwi ukomo wa mamlaka yake, anauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeliuliza, halafu miaka mitatu baadaye swali hilo linaitwa kasoro. Na swali lenyewe lilikuwa zuri! Tangu uamuzi wa mwaka 1980 katika rufaa ya mtu aitwaye Waziri Amani, mahakama zetu zinatakiwa kuutilia shaka utambuzi wa usiku mpaka zijiridhishe kuhusu mwanga ulikuwa wa nguvu gani, ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani na shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani. Uliuliza kitu ambacho wakili wa utetezi alipaswa kukimaliza kabla yako.

Kuhusu mabishano yaliyowatoa nje, hiyo huitwa kesi ndani ya kesi. Jaji huamua kwanza kama ungamo lilitolewa kwa hiari, na wazee huondolewa ili wasije wakasikia ungamo ambalo baadaye litakataliwa. Mantiki yake ninaielewa, ingawa sijawahi kumwona mzee aliyeridhika nayo.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliwapa wazee wa Mahakama ya Mwanzo kura ya kweli. Hakimu akitofautiana na wazee, iwe juu ya hatia, dhamana au hata kiasi cha adhabu, uamuzi ulikuwa wa wengi, na hakimu alipata kura ya turufu pale tu kura zilipolingana. Maana yake, wazee wawili waliweza kumshinda hakimu katika kesi ya wizi wa mbuzi, lakini wazee watatu hawakuweza kumshinda jaji katika kesi ambayo adhabu yake pekee ni kifo. Sijawahi kupata maelezo ya jambo hilo yaliyonitosheleza.

Mabadiliko uliyoyasikia ni ya mwaka 2022, ambapo kuketi na wazee kuliachwa kuwa hiari ya mahakama. Kama wakili, sitakudanganya: nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuwaona wateja wangu wakirudishwa mwanzo kwa makosa ambayo hayakuhusu kama waliua au hawakuua.

---

Jirani wa Namanga alijibu:

Salamu kwenu, hasa kwako Mwalimu. Huku Kenya wazee wa mahakama waliondolewa mwaka 2007 kwa marekebisho ya sheria za jinai, na kwa kweli ni wachache waliowalilia. Nataka niongeze historia kidogo, maana mtu akitaja juri kama kimbilio la raia, mimi hukumbuka jinsi ilivyofanya kazi hapa.

Enzi za ukoloni Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji akiwa na wazee washauri ambao jaji aliweza kuwapuuza. Mwaka 1941 Sir Delves Broughton, aliyeshtakiwa kwa kumuua Lord Erroll nje kidogo ya Nairobi, aliachiliwa na juri ya namna hiyo. Lakini mwaka 1959 juri ya Wazungu watupu ilimtia hatiani Mzungu mwenzao, Peter Poole, kwa kumuua Mwafrika, naye akanyongwa mwaka 1960, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ninayataja yote mawili kwa makusudi. Juri ile haikuwa ikitoa uamuzi mbaya kila mara. Ubaya wake ulikuwa kwamba upande mmoja wa nchi ulikuwa na haki ya kuamuliwa na watu wake, na upande mwingine ulikuwa na wazee wa kutoa ushauri. Huo mfumo wetu wa wazee, ambao wengine wanauona kama urithi wa mabaraza ya kijadi, ulikuja kwetu ukiwa chumba cha uani.

Tena maoni ya wazee hayakuwa upande wa mnyonge kila wakati. Katika kesi ya Thomas Cholmondeley, Mzungu wa ukoo wa walowezi wenye mashamba makubwa, aliyeshtakiwa kwa kifo cha Mwafrika Robert Njoya kilichotokea mwaka 2006, wazee walikuwa bado wapo kwa sababu kesi ilianza kabla ya sheria kubadilika. Mwaka 2009 wazee walisema hana hatia. Jaji hakukubaliana nao, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na adhabu ikawa kifungo cha miezi minane. Watu walioandamana kwa hasira siku zile walikuwa wakililia kifungo kirefu zaidi, si maoni ya wazee. Kwa hiyo, Mwalimu, ukijiuliza kama jaji angefungwa na maoni ya wazee haki ingekuwa imeongezeka, jibu linategemea unaizungumzia kesi gani.

---

Mama wa Leicester alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na wengine wote hamjambo. Ninaishi Uingereza kwa mwaka wa kumi na saba, na pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Nilipopata barua ya kuitwa kwenye juri nilidhani wamekosea mtu, kumbe hawakukosea. Huku raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye haki ya kuishi hapa anaweza kujiandikisha kupiga kura, na aliyeandikishwa, akiwa na umri wa miaka 18 hadi 75 na ameishi hapa miaka mitano au zaidi tangu alipotimiza 13, jina lake linaweza kuchomoza kwa bahati nasibu. Usipoitikia bila sababu unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Basi nikaenda.

Siwezi kuwaeleza tuliyozungumza ndani ya chumba chetu, kwa sababu hapa ni kosa la jinai kuyatoa nje, hata miaka ikipita. Naweza kueleza yale yaliyofanyika mbele ya wote. Tuliitwa zaidi ya kumi na wawili, karani akachanganya kadi kama anayechanganya karata, akasoma majina. Wengine waliapa kwa Biblia, mimi niliapa kwa Kurani, wengine wakatoa ahadi bila kitabu chochote. Jaji alituonya kwa ukali tusitafute habari za kesi kwenye intaneti na tusizungumze na mtu nyumbani. Mume wangu alikasirika kwelikweli, akisema ninamficha mambo.

Mwalimu, swali lako la koroboi ndilo lililonifanya niandike. Huku mwanajuri hamwulizi shahidi chochote kwa mdomo wake. Akiwa na swali analiandika kwenye karatasi, anampa mhudumu wa mahakama, karatasi inapelekwa kwa jaji, jaji analijadili na mawakili wa pande zote, na likionekana linafaa ndipo linaulizwa. Katika kesi yetu ziliandikwa karatasi tatu. Moja iliulizwa kama ilivyoandikwa, ya pili ilibadilishwa maneno, na ya tatu jaji alitueleza kwa upole kwamba sheria hairuhusu tujibiwe. Hakuna aliyefedheheka, na hakuna kesi iliyoanguka. Mnavyoeleza, kwenu mzee alifunguliwa mlango akaambiwa uliza, halafu akaadhibiwa kwa kuuliza.

Lakini msidhani huku kila kitu ni asali. Sisi tulitamka neno moja au mawili tu: ana hatia, au hana. Hatukutoa sababu, na hakuna aliyetuuliza. Mtu anaweza kufungwa miaka 20 asijue ni kitu gani hasa kiliwashawishi wale kumi na wawili. Tena si lazima wote wakubaliane: tangu mwaka 1967, baada ya kujadiliana kwa saa zisizopungua mbili, jaji anaweza kuwaruhusu waamue kwa watu kumi dhidi ya wawili. Ninyi wazee watatu mlisimama mkatoa maoni yenu mbele ya familia zote mbili, na jaji akalazimika kuandika kwa nini anawakatalia. Mimi sijui kama ningeweza kusimama hivyo.

---

Dada wa Mahabusu alijibu:

Nawaheshimu wote mlioandika, lakini naona mnajadili viti badala ya yule aliyesimama kizimbani. Kaka yangu alikaa mahabusu zaidi ya miaka mitano kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Kosa la mauaji halina dhamana. Kila baada ya wiki mbili alipelekwa mahakama ya wilaya, nasi tukapanda gari alfajiri kwenda kumwona kwa dakika chache, na kila mara tuliambiwa upelelezi haujakamilika. Mama yetu alijifunza sentensi hiyo mpaka akawa anaisema yeye kabla ya mwendesha mashtaka. Wakati kesi inaanza, mmoja wa mashahidi waliokuwa wamwondolee kaka mashaka alikuwa amekwisha kufariki.

Mniambie, katika miaka hiyo mitano, juri ingemsaidia nini? Wazee wangemsaidia nini? Wakili amefurahi kwamba kesi hazitarudishwa tena kwa sababu ya wazee, na mimi nafurahi pamoja naye. Ila kurudishwa kwenyewe kuliwaumiza watu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kama kesi ingesikilizwa upya ndani ya mwezi mmoja, Mwalimu leo asingekuwa na mzigo wowote. Mwalimu, unajua kijana yule alingoja muda gani mara ya pili?

---

Wakili wa Kanda ya Ziwa aliongeza:

Dada yangu, pole sana, na sina la kukupinga. Niongeze jambo moja tu kwa Mwalimu. Hukumu za Mahakama ya Rufani zimewekwa wazi kwenye intaneti katika tovuti ya TanzLII, na mara nyingi majaji hunukuu swali lenyewe la mzee wa baraza wanapoeleza kwa nini wanabatilisha. Ukiwa na majina ya wahusika na mwaka, unaweza kuisoma hukumu mwenyewe badala ya kubaki na masimulizi ya mtu wa tatu. Nakushauri uisome.

---

Mstaafu wa Chaki alirejea:

Nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata ushauri wa Wakili, na ilinichukua siku tatu, mjukuu wangu akinisaidia kwa simu yake, mpaka tukaipata.

Kwanza nimjibu Dada. Kwa tarehe nilizozisoma na kwa aliyoniambia yule mwanafunzi wangu, tangu siku ya kukamatwa hadi siku shauri la pili lilipoondolewa mahakamani na upande wa Jamhuri, kwa kuwa mjane alikuwa amehama na hakupatikana tena, ilipita miaka tisa. Kwa hiyo hakuna mahakama iliyowahi kusema kwa kauli ya mwisho kama aliua au hakuua. Mjane naye hakupata jibu, na sipendi tumsahau.

Pili, kuhusu swali langu. Limo kwenye hukumu, limenukuliwa, nami ninatajwa kama mzee wa baraza wa pili. Mnakumbuka kwamba wakati ule sisi tulizungumza Kiswahili, na jaji alikuwa akiandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja baadaye, mwaka 2021. Nilimwomba mjukuu anisomee sentensi ile mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe kwa miwani. Imeandikwa kwamba nilimwambia shahidi kuwa, akiwa chini ya kitanda, hakuwa na uwezo wa kumwona mtu usoni, na imewekwa kama kauli, bila alama ya kuuliza.

Mimi nilisema "ulimwonaje". Wenye lugha hii mnajua kwamba neno hilo mtu anaweza kulisema akimkatalia mwenzake, na anaweza kulisema akiwa kweli anataka kuelezwa. Nimefundisha Kiswahili miaka 34, na nimekaa siku mbili nzima nikijaribu kukumbuka nililisema kwa sauti ipi.